Kisagio kinagoma mvua ikinyesha na kutema punje nzima: kosa ni la mtambo au la mkono wangu?

"Shikamoo fundi. Mimi ni mkerezaji hapa Mtwara mjini. Nina mashine ya kukereza mbao niliyoachiwa na baba mdogo, na nimezoea miguu ya meza, nguzo za vitanda na mabakuli. Mwezi wa tisa hoteli moja ya Mikindani iliniagiza visagio 20 vya pilipili manga, vya mpingo, urefu sentimita 20. Nikaagiza mitambo ya kusagia kwa mtandao, aina mbili: ile ya chuma yenye fimbo ndefu na nati juu, na ile ya kauri na plastiki inayojibana kwa masikio. Nimeshatengeneza vinne, na vyote vimenitia aibu. Cha kwanza kilizunguka vizuri, mvua zilipoanza kichwa kikagoma. Cha pili kinatoa vumbi na punje nzima kwa pamoja, hata nikaze nati vipi. Cha tatu mtambo wenyewe unazunguka ndani ya mti. Cha nne kimepasuka. Rafiki yangu anasema mitambo ya mtandaoni ni feki, nijaze gundi ya epoksi yaishe. Biti ya mm 41 nimeitafuta hadi Masasi sikuipata, nikanoa patasi kutoka tupa kuukuu, ikakatika na kipande kikapita karibu na sikio. Nifanye nini? Na hoteli sasa wanataka na vya chumvi."

Marahaba, fundi. Nianze na sikio kabla ya hoteli. Patasi yoyote nyingine uliyoitengeneza kwa tupa, itoe kwenye mashine leo, usiisubirishe hadi umalize kusoma. Sababu yake nitaieleza mbele. Kipande kile kingepita vidole vitatu kushoto, tusingekuwa tunazungumza habari za pilipili.

Hofu yako nimeielewa: umelipia mitambo 20, umekula advansi ya watu, na sasa unaambiwa umeuziwa bidhaa feki. Sijaviona vyombo vyako, lakini dalili ulizoziandika nazijua moja moja, na hakuna hata moja kati ya hizo nne inayonionyesha mtambo mbovu. Mtambo wa kusagia hauna akili ya kujiweka katikati. Unakaa pale matundu yako yalipouweka, na matundu yenyewe hayatulii kwa sababu yamo ndani ya mti. Ukiyashika hayo mawili, oda yako imepona.

Nitakiita kisagio, maana huku kwetu Lindi nikisema kinu mtu ataniletea mchi.

Tuangalie kinachotokea ndani. Mtambo wa fimbo umebadilika kidogo sana tangu Wafaransa wa Peugeot, hao hao wa magari, walipotoa kisagio chao cha kwanza cha pilipili mwaka 1874. Kuna pete ya chuma yenye meno upande wa ndani. Hiyo imekaa kwenye mti wa chini na haizunguki. Ndani ya pete kuna koni yenye meno ya nje, imeshikwa na fimbo ya pembe nne inayopanda hadi kichwani. Ukizungusha kichwa, kibati kidogo kilichofungwa chini ya kichwa kinaishika fimbo na koni inazunguka. Meno ya juu ni makubwa na yamepindapinda: kazi yake ni kuidaka punje, kuivuta chini na kuivunja. Meno ya chini ni madogo, ndiyo yanayosaga. Springi inaisukuma koni chini, nati ya juu inaivuta juu ndani ya pete. Kaza nati, nafasi inapungua, unga unakuwa laini. Legeza, unapata chenga.

Sasa ifikirie hiyo koni ikiwa haiko katikati ya pete. Upande mmoja meno yanagusana, upande wa pili kuna mwanya wa kupitisha punje nzima. Unakaza nati, upande wa karibu unajikwaruza zaidi na kutoa vumbi, na mwanya wa pili uko pale pale. Ndicho kisagio chako cha pili. Vumbi pamoja na punje nzima ni alama ya senta iliyopotea. Kama koni ingekuwa chini mno tu, ungepata chenga kubwa bila vumbi. Hakikisha hivi: mwaga pilipili yote, fumba macho, zungusha kichwa taratibu sana. Ukihisi nusu nzito na nusu nyepesi katika kila mzunguko, jibu umelipata. Kisha, na hapa najua roho itakuuma, kipasue kisagio hicho kwa msumeno, toka juu hadi chini. Pima unene wa ukuta wa kushoto na wa kulia, juu, katikati na chini. Mimi changu cha kwanza nilikikataa mwezi mzima kukipasua, na nilipokipasua niliona tundu limekwenda upande kama barabara ya kukwepa mbuyu.

Hukuniambia ulitoboaje, ila nahisi ulitumia drili ya mkono, au ya kusimama, gogo likiwa limeshikwa kwenye jiliwa. Kwa kazi hii haifai. Mashine yako ya kukereza ndiyo drili bora uliyonayo: mti unazunguka, biti imetulia kwenye kichwa cha nyuma, na biti isiyozunguka haina mwelekeo wake wa kuufuata. Kwanza kereza gogo kati ya ncha mbili hadi liwe duara, na kila mwisho uuachie kitako cha kushikwa na taya. Vitako hivyo viwili vimetoka kwenye mhimili mmoja, kwa hiyo ukigeuza gogo kutoboa upande wa pili unabaki kwenye mhimili ule ule. Toboa nusu kutoka huku, nusu kutoka kule. Matundu yakikutana katikati na kupishana kwa unywele, pilipili haitalalamika. Ukitoboa yote kutoka upande mmoja, biti inatoka kule chini ikiwa imeshapotoka, na huko chini ndiko pete inakokaa.

Tena anza na tundu kubwa, ndipo uende kwenye dogo. Mafundi wengi hufanya kinyume kwa mazoea ya kutoboa chuma. Biti hizi za mbao zinazokata kikombe zina ncha katikati, na ncha hiyo inahitaji mti wa kushika. Ukianza na tundu la mm 25, biti ya mm 35 itakosa pa kusimama na itacheza. Ukianza na ya 35, inakuachia alama ya senta, na ya 25 inaingia humo humo. Mizunguko iwe 300 hadi 500 kwa dakika, usizidishe, na kila baada ya sentimita moja toa biti uondoe machicha. Mpingo una mafuta. Machicha yanaganda kwenye biti, biti inapata moto, na moto huo ndio unaoanza kupasua mti kutoka ndani kabla wewe hujaona kitu nje.

Biti ya mm 41 acha kuitafuta. Mtambo wa fimbo kwa kawaida unadai kikombe cha chini cha mm 40 au 41, kina cha mm 12 au 13, kwa ajili ya kile chuma kinachovuka chini ya pete na kufungwa kwa skrubu mbili. Juu yake linafuata tundu la mm 27 hivi, ambamo pete inakaa kwa kubana kidogo, na kichwani tundu la mm 7 la kupitisha fimbo. Vipimo hivi asili yake ni inchi za watu wengine, ndiyo maana havilingani na biti za madukani kwetu. Viwanda pia vinatofautiana, kwa hiyo shika kalipa, pima mtambo ulio mkononi mwako, uandike ukutani. Biti utakayoipata duka lolote la vifaa ni ya mm 35, maana ndiyo ya bawaba za makabati ya jikoni, na ya mm 25. Hizo mbili zinatosha. Kilichobaki unakikwangua kwa patasi ndogo ya ndani: unapanua 35 kuwa 41, na chini kabisa unapanua 25 kuwa 27, kwa kina cha pete tu. Sehemu ya juu, mahali pa kuhifadhia pilipili, iache na 25 yake.

Patasi hiyo ndiyo tuitengeneze, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo siri ya kazi yote.

Tupa imetengenezwa ngumu kupita kiasi ili ikwangue chuma kingine. Ugumu huo umelipiwa kwa wepesi wa kuvunjika, kama kigae. Tena kila jino la tupa ni mkato mdogo, na ufa hupenda kuanzia kwenye mkato. Ukiiweka kwenye egemeo, ikatokeza sentimita tano ndani ya tundu, mti ukaishika ghafla, haipindi wala haikupi onyo. Inakatika. Utaambiwa na wazee kwamba tupa hufaa ukishailegeza kwa moto, na wana haki yao: ukisaga meno yote, ukaing'arisha, ukaizika kwenye mchanga ndani ya sufuria juu ya jiko la mkaa, ukaichunguza hadi chuma kigeuke rangi ya majani makavu, hapo iko kwenye nyuzi 220 hadi 230 za Selsiasi na imepunguza ukali wa kuvunjika. Kwa kisu cha kuwekea alama, sawa. Kwa patasi inayoning'inia ndani ya tundu la mpingo, mimi siiruhusu kwenye karakana yangu hata ikiwa imelegezwa.

Tafuta kipande cha chuma cha kukatia cha mafundi wa kukereza vyuma, kile cha pembe nne cha mm 6 au 8 chenye herufi HSS. Vipande vilivyotumika hadi kuwa vifupi kwao ni takataka, kwako ni mali. Wape ya soda watakupa. Uzuri wa HSS ni kwamba ukiinoa kwenye jiwe ikapata joto hadi ikabadilika rangi, haipotezi ugumu kama tupa au springi ya gari. Kisha chukua chuma laini cha duara cha mm 16, urefu sentimita 30. Kisiwe shafti ya shokapu ya pikipiki, najua ziko nyingi na zinang'aa, lakini uso wake ni mgumu, biti yako itakwaruza tu na kuungua. Karibu na ncha toboa tundu la kupitisha kile kipande cha HSS kikae kwa mkingamo, kitokeze pembeni mm 8 tu. Mwishoni mwa chuma, kwa urefu wake, toboa tundu jingine linalokutana na lile la kwanza, lipige nyuzi, uweke bolti fupi ya mm 6 ya kukibana. Tundu ni la duara na kipande ni cha pembe nne. Hiyo haina neno, pembe zake zinauma kwenye tundu na bolti inamalizia.

Unaponoa, uso wa juu uache bapa. Makali ya mbele yawe ya mraba, na chini yake ondoa nyuzi 10 hadi 15 ili kisigino kisiguse mti. Kwa kazi ya ndani ya tundu, kiviringishe kisigino zaidi, kwa sababu ukuta umepinda na utakigonga pale usipotarajia. Mpini uwe mrefu, sentimita 40, uushike chini ya kwapa. Makali yasimame kwenye usawa wa senta au juu yake kidogo. Hapo patasi ikishtuka inaangukia kwenye uwazi, haijichimbii ndani ya mti. Kwangua kidogo kidogo, zima, jaribisha pete, washa tena. Kama kuunganisha chuma kunakushinda, peleka mchoro chuo cha ufundi cha VETA au kwa SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo Mtwara na Lindi. Wataitengeneza kwa muda ambao wewe ungeutumia kutafuta biti.

Patasi hiyo hiyo ndiyo dawa ya kisagio chako cha tatu. Mtambo wa kauri una masikio mawili ya plastiki yanayochomoza pembeni kama ndoano. Ukiusukuma ndani, yanajikunja, halafu yanapofika kwenye mfereji uliochongwa ndani ya ukuta yanafunguka na kushika. Bila mfereji hakuna cha kushika, yanasugua ukuta tu na mtambo mzima unazunguka na kichwa. Nadhani maelezo yaliyokuja na mtambo hayakusisitiza mfereji huu, au yalikuwa kwa lugha ambayo hata mimi ningeyatupa. Pima kutoka kwenye ukingo wa mtambo hadi kwenye sikio, ongeza nusu milimita, weka alama ya utepe kwenye patasi, kisha chonga mfereji wa upana wa mm 3 hivi na kina cha mm 2. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mbao hafifu chenye tundu la kipimo kile kile. Ukisikia "tak", umefika. Huo mtambo utautoa kwa kuukandamiza masikio siku ukihitaji kuusafisha.

Basi gundi je? Rafiki yako hajakosea moja kwa moja. Wapo wakerezaji wazuri wanaokata yale masikio na kubandika mtambo kwa epoksi, na chombo kinafanya kazi miaka. Ila pima unachonunua: mtambo uliogandishwa hautoki, plastiki ikichoka unatupa mti wote. Tone moja likiingia kwenye meno, kisagio kimekufa siku ile ile. Halafu mpingo haupendi gundi, kwa sababu ya mafuta yake. Usipofuta kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka, epoksi itakuja kubanduka kama gamba. Kwa kisagio chako kimoja kilichokwisha tobolewa vibaya, ambacho ukuta wake hauna tena nafasi ya mfereji, weka gundi, kidogo, kwenye ukuta tu, na ukitumie nyumbani kwako. Kwa vya hoteli chonga mfereji. Na kwenye mtambo wa fimbo gundi haina kazi kabisa. Senta iliyopotea hairudishwi kwa epoksi, unaigandisha ikiwa imepotea.

Kabla sijasahau, hizo skrubu mbili za chini: zitobolee kwanza kwa biti ndogo na zipake sabuni ya kipande. Kwenye mpingo skrubu ya shaba inakatika shingo kabla hujamaliza kukaza. Na fimbo ikiwa ndefu kuliko kisagio, ivishe nati kwanza, ikate kwa msumeno wa chuma juu ya nati, kisha itoe nati. Inapotoka inanyoosha nyuzi zilizopondwa na msumeno.

Sasa kichwa kinachogoma. Watu husema mti umevimba na tundu limeziba. Hilo ni nusu ya ukweli. Mti ukinywa unyevu wa hewa, ulimi wa kichwa unavimba na tundu unamoingia nalo linapanuka, na vyote vingekwenda sawa kusingekuwa na ugomvi. Shida ni kwamba mti hauvimbi sawa kila upande. Kwa urefu hauvimbi karibu kabisa. Kwa upana, upande unaofuata duara za ukuaji unavimba takriban mara mbili ya upande unaotoka kiini kwenda gome. Kwa hiyo tundu la duara linageuka kuwa yai, na ulimi nao unageuka yai. Mayai mawili yakielekea upande mmoja yanaingiana. Ukizungusha kichwa robo mzunguko, tumbo la moja linakutana na ubavu wa lingine. Ndiyo maana kisagio cha namna hiyo, kabla hakijagoma kabisa, huanza kwa kukaza na kulegea, kukaza na kulegea. Kumbuka kama chako kilianza hivyo.

Dawa yake ni nafasi. Ulimi uwe mwembamba kuliko tundu kwa milimita moja nzima kama unaukereza wakati wa kusi mti ukiwa mkavu, nusu milimita inatosha kama unaukereza mvua zikiwa zimeshika. Kwa mkono utahisi kama umelegea. Usijali, kinachokishika kichwa katikati ni fimbo. Ulimi uwe mfupi, mm 8 hadi 10, kingo zake ziondolewe ukali, na upake nta ya mshumaa. Kisagio chako cha kwanza kinaponeka hivi hivi, ondoa ulimi huo milimita moja leo na kitazunguka.

Ila nafasi haisaidii kama mti ulikuwa mbichi. Hapa pwani yetu, mti uliokaa kivulini ukakauka kadiri ya hewa unabaki na unyevu wa asilimia 14 hadi 16. Kwenye nyumba ya Ulaya yenye kipasha joto majira ya baridi unashuka hadi 6 au 8. Mgeni wa hoteli akikununulia kisagio akaenda nacho kwao, mti utaendelea kukauka mezani kwake. Mpingo kwa hilo ni mkaidi kuliko miti yote ninayoijua. Una uzito wa zaidi ya kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, unazama majini, na unyevu uliofungiwa humo unatoka kwa kuombwa. Kanuni ya mafundi ya mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene ni ya miti ya kawaida. Kwa mpingo ongeza subira. Cha nne hakikupasuka kwa bahati mbaya. Ama gogo lilikuwa na kiini chake ndani ya ukuta, ama lilikuwa bichi, ama biti ililiunguza, na mara nyingi yote matatu huja pamoja.

Njia ninayoifuata: nakata magogo kwa urefu, napaka nta ya moto kwenye vichwa vyote viwili siku hiyo hiyo, naandika tarehe. Baada ya wiki kadhaa nayatoboa tundu la katikati la mm 20, kisha nayarudisha rafuni. Tundu hilo linafanya mambo mawili: linautoa ule moyo wa mti unaopenda kupasuka, na linaupa unyevu mlango wa pili. Kila Ijumaa napima gogo kwenye mizani ya jikoni. Uzito ukishakaa pale pale wiki nne mfululizo, ndipo nakereza. Kwa magogo haya senta ya biti haina tena mti wa kushika, kwa hiyo kikombe na tundu la pete nayapanua kwa patasi peke yake, na hapo utaelewa kwa nini nimekusumbua sana na patasi. Yale uliyonayo sasa, yakiwa makavu kwa mizani, endelea nayo kwa biti kama nilivyoeleza juu.

Maoni yangu ya wazi: visagio 20 vya mpingo mtupu kwa miezi michache ni ahadi ambayo nisingeitoa mimi mwenyewe. Mninga ndio mti wa kazi hii. Unatulia kuliko karibu mti wowote wa kusini, ukikauka hausogei sana, biti inaingia kama kwenye siagi, na rangi yake mezani haina aibu. Tengeneza mwili wa mninga, kichwa na pete ya shingoni vya mpingo. Vipande vidogo vya mpingo hukauka upesi na huna haja ya gogo nene lisilo na ufa, ambalo siku hizi ni la kutafuta kwa tochi. Peleka kimoja hotelini uwaonyeshe. Nadhani watakubali, na wakikataa, angalau muda wa nyongeza utakuwa na sababu.

Kwa vya chumvi usitumie mtambo wa chuma wa pilipili. Meno yake kwa kawaida ni chuma cha kaboni, chumvi itayala, na utaona kutu ya rangi ya chai kwenye chumvi ya mgeni. Tumia ile ya kauri. Lakini kauri nayo ina adui, ambaye ni chumvi yetu wenyewe. Chumvi ya mawe ya mashamba ya pwani, kuanzia Kilwa hadi Mtwara, ina mabaki ya magnesi yanayovuta maji hewani, ndiyo maana gunia linalia wakati wa masika. Chumvi yenye unyevu haisagiki, inageuka tope na kuganda kwenye meno. Ianikeni juani juu ya sinia hadi ilie inapotikiswa, au ikaangeni kavu kwenye kikaango dakika chache, ipoe, muiweke kidogo kidogo. Waandikie hoteli maagizo hayo kwenye kikaratasi, vinginevyo watasema kisagio ni kibovu. Pilipili manga nayo iwe kavu ya kuvunjika kwa jino. Pilipili kichaa isiingie humo, maganda yake yanajiviringisha kwenye koni.

Kupaka rangi: ndani usipake chochote. Nje, mpingo unataka msasa hadi laini kabisa na nta tu. Wapo watakaokushauri mafuta ya maganda ya korosho kwa kuwa yanazuia wadudu kwenye mbao. Kwenye nguzo ya banda, sawa. Kwenye chombo cha chakula hapana kabisa. Mtu yeyote aliyewahi kubangua korosho bila majivu mikononi anajua mafuta yale yanavyobabua ngozi.

Kuhusu kusafiri na mpingo: jamii yote ya miti hiyo imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017, ingawa bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 kwa mzigo zimeachwa nje ya masharti ya vibali vyake. Hata hivyo nchi inaweza kuwa na masharti yake ya ziada, kwa hiyo waulize TFS, wakala wa huduma za misitu, kabla hujamwambia mteja neno, na stakabadhi za ulikonunua gogo zitunze. Kilwa kuna misitu ya vijiji iliyopata mwaka 2009 cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri. Mti wenye karatasi una bei, lakini mteja wa hoteli huwa anauliza.

Jambo moja haliwezi kutibiwa kwa barua. Vumbi la mpingo linawasha ngozi, macho na kifua, na mwili wa mtu unaweza kuuzoea miaka kisha ukaukataa ghafla. Vaa barakoa na kinga ya uso, usivae glavu wala shati la mikono mirefu mbele ya mashine. Ukianza kukohoa usiku au kifua kubana siku za kazi na kupona siku za mapumziko, nenda hospitali na uwaambie ni vumbi la mti gani. Kipande kikiingia jichoni usikitoe mwenyewe. Na kama mashine yenyewe ina mtikisiko au kichwa cha nyuma hakikutani ncha kwa ncha na cha mbele, mwite fundi wa mitambo aje aione kwa macho. Hilo likiwa limelegea, kwa baba mdogo au kwako, matundu yote niliyoyaeleza hapa yatakwenda upande hata ukifuata kila neno. Lipime kwanza kabla hujagusa gogo la tano: sogeza ncha mbili zikaribiane, weka wembe katikati, uone unalala sawa au umeinama.